Mwuguzi wa Nome na Ugonjwa wa Koo

Ndugu msomaji, kuna ulizo moja ambalo wauguzi wa kila hospitali wanauliza kwa huzuni: "Mama, sababu gani hukumleta mtoto juzi?" Hawaulizi kwa hasira. Wanauliza kwa sababu yako magonjwa ambayo dawa yake ina nguvu leo, kesho nguvu yake ni kidogo, na kesho kutwa haisaidii tena. Ugonjwa mmoja wa namna hiyo unaitwa dondakoo. Waganga wanauita difteria.

Tunataka kukufundisha habari za ugonjwa huu kwa hadithi ya kweli. Ni hadithi ya mji wa mbali sana, mji wa baridi kali, na ya mwuguzi mmoja mwanamke, jina lake Emily Morgan. Usome polepole. Ukimaliza, uwasomee jirani ambao hawajui kusoma.

1. Mji uliofungwa na barafu

Mji wa Nome uko Alaska, nchi ya kaskazini kabisa iliyo chini ya Marekani. Uko kando ya bahari. Wakati wa baridi jua linaonekana saa chache tu kwa siku, na maji ya bahari yanageuka kuwa barafu ngumu, hata mtu anaweza kutembea juu yake. Wewe ukikaa Beni au Mutwanga, siku mawingu yakiondoka unaona weupe kidogo juu ya kilele cha Ruwenzori. Ile ni theluji na barafu. Huko Nome weupe ule unafunika kila kitu: njia, vilima, mito, hata paa za nyumba.

Mwaka wa 1925 watu karibu 1,400 walikaa katika mji huo. Wengine walikuwa wageni waliokuja zamani kutafuta zahabu. Wengine walikuwa Wainupiati, ndio wenyeji wa nchi. Hapakuwa na njia ya motokari wala ya gari la moshi. Meli ya mwisho ilipoondoka kabla ya baridi, hakuna meli nyingine iliyoweza kufika mpaka barafu iyeyuke, miezi mingi baadaye. Barua zilichukuliwa na magari madogo yasiyo na magurudumu, yaliyokokotwa na mbwa juu ya theluji.

Katika mji huo palikuwa na hospitali ndogo ya vitanda 25. Munganga alikuwa mmoja tu, Curtis Welch. Pamoja naye walikuwa wauguzi wanne, na mkubwa wao alikuwa Emily Morgan. Fikiri, ndugu: munganga mmoja, wauguzi wanne, na barafu pande zote.

2. Difteria ni ugonjwa gani?

Difteria inatoka kwa kijidudu kidogo sana, kisichoonekana kwa macho. Mgonjwa akikohoa, akipiga chafya au akisema karibu na mwenzake, matone madogo ya mate yanatoka na kuchukua vijidudu. Mwenzake anavivuta kwa pumzi. Siku mbili mpaka tano zinapita, kisha ugonjwa unaanza.

Mwanzo wake unafanana na mafua tu. Mtoto ana homa kidogo. Koo linamwuma. Hataki kula. Ndiyo sababu watu wengi wanadanganyika. Lakini ukitazama ndani ya koo lake, unaona utando wa rangi ya majivu umeshika nyama ya koo. Ukijaribu kuuondoa, damu inatoka. Pengine shingo inavimba sana. Utando ukiongezeka unaziba njia ya pumzi, na mtoto anakufa kwa kukosa hewa.

Lakini utando si hatari peke yake. Kile kijidudu kinatengeneza sumu. Sumu inaingia katika damu na kwenda mpaka moyo na mishipa ya fahamu. Kwa hiyo mtoto anaweza kuonekana amepata nafuu, koo lake limepona, kisha siku nyingine moyo wake unasimama ghafula.

Dawa ya kushinda sumu hiyo ilijulikana tangu mwaka wa 1890, kwa kazi ya Emil von Behring na Shibasaburo Kitasato huko Ujeremani. Inatengenezwa kwa damu ya farasi. Lakini ushike neno hili, maana ni shina la mafundisho yetu yote: dawa hii inashika sumu inayotembea katika damu tu. Sumu iliyokwisha kuingia ndani ya moyo haiwezi kuitoa. Kwa hiyo dawa ya siku ya kwanza na dawa ya siku ya tano si sawa, ijapokuwa imetoka katika chupa moja.

3. Namna ugonjwa ulivyoanza

Mwisho wa mwaka wa 1924 watoto wengine wa Nome walianza kuumwa na koo. Munganga Welch alifikiri ni ugonjwa wa koo wa kila siku. Watoto wachache wakafa. Alishangaa, lakini hakuwa na hakika, kwa maana difteria haikuonekana katika mji ule kwa muda wa miaka mingi.

Siku ya 20 Januari 1925 aliona utando wa majivu ndani ya koo la mtoto wa miaka mitatu. Sasa alijua. Lakini dawa aliyokuwa nayo ilikuwa ya zamani, na wakati wake umepita. Aliagiza nyingine kabla ya baridi, lakini haikufika pamoja na meli ya mwisho. Aliogopa kumchoma mtoto dawa iliyopita wakati wake, na yule mtoto akafa. Siku iliyofuata alimwona msichana wa miaka saba mwenye ugonjwa uleule. Mara hii alijaribu dawa ya zamani, lakini msichana naye akafa.

Jioni ile munganga aliita wakubwa wa mji. Hakuwaficha neno. Walikubali kufunga shule, makanisa na nyumba za michezo, na kukataza watu wasikusanyike. Kisha alipeleka habari kwa simu ya upepo mpaka miji mingine na mpaka mji mkuu wa Marekani, akiomba dawa upesi.

Watu wa Nome waliogopa sana, na waliogopa kwa haki. Walikumbuka mafua makali ya mwaka wa 1918, yaliyoua wenyeji wengi sana wa nchi ile, hata nyumba nyingine zikabaki bila mtu.

4. Kazi ya Emily Morgan

Sasa, ndugu msomaji, dawa iko mbali, barafu imefunga bahari, na ugonjwa unatembea nyumba kwa nyumba. Mwuguzi asiye na dawa atafanya nini? Wengine watajibu: "Hana la kufanya, akae angoje." Emily Morgan hakujibu hivyo.

Munganga alimpa kazi ya kuangalia wagonjwa waliotengwa. Kazi hii haikufanywa ndani ya hospitali. Ilimpasa kutoka katika baridi, kwenda nyumba kwa nyumba, pia katika nyumba za Wainupiati kando ya mji, na kutazama koo za watoto mmoja mmoja. Alipoona koo jekundu tu, aliandika na kurudi tena kutazama. Alipoona utando, alitoa habari kwa munganga, na nyumba ile ilitengwa na nyingine.

Zamani mwuguzi huyu aliugua difteria yeye mwenyewe, akapona. Kwa sababu hiyo walifikiri kwamba mwili wake una kinga. Lakini kinga ya namna hiyo si ya hakika sikuzote. Pengine mtu anaugua mara ya pili. Kila mara alipoinama karibu na kinywa cha mtoto anayekohoa, alihatirisha maisha yake.

Usifikiri kwamba kazi hii ilikuwa nyepesi kwa sababu haikuwa na sindano wala kisu. Jaribu kufikiri namna mama anavyoona mgeni akibisha mlangoni. Mama anaogopa. Anajua kwamba kama ugonjwa ukionekana, nyumba yake itafungwa, watu watawakimbia, labda mtoto ataondolewa mikononi mwake. Kwa hiyo anasema, "Ni mafua tu." Anamfunika mtoto blanketi. Sisi nasi tunajua neno hili. Katika vijiji vyetu pia wako wazazi wanaoficha mgonjwa ndani, kwa hofu ya hospitali au kwa haya mbele ya jirani. Mwuguzi anayeingia kwa ukali ataona mlango umefungwa. Anayeingia kwa upole, akisalimu vizuri na kueleza sababu, ataonyeshwa mtoto.

Kwa muda wa siku chache, munganga na mwuguzi walihesabu wagonjwa 20 wenye difteria ya hakika, na wengine 50 waliokuwa katika hatari. Hesabu hii ilikuwa na faida kubwa. Wakubwa wa mbali walijua kwamba shauri hili ni la kweli. Tena wagonjwa walijulikana kwa nyumba zao kabla dawa haijafika. Siku ya kufika kwake, hapakuwa na haja ya kuanza kuwatafuta.

5. Dawa inakuja kwa mbwa

Dawa ilipatikana katika hospitali ya mji wa Anchorage, kipimo cha 300,000. Haikutosha kwa mji wote, lakini ilitosha kuanza, mpaka nyingine ije. Iliwekwa vizuri ndani ya sanduku, ikafungwa kwa mablanketi na kupakiwa katika gari la moshi mpaka mji wa Nenana. Kutoka Nenana mpaka Nome ni kilometa 1,085, na hapo hapakuwa na reli.

Watu wengine walitaka ndege. Lakini ndege za siku zile zilikuwa wazi juu, na katika baridi ile zilikuwa hatari sana. Wakubwa walichagua mbwa. Kwa desturi barua zilichukua karibu siku 25 katika njia hiyo. Dawa haikuweza kungoja siku 25.

Basi walipanga watu 20 na mbwa karibu 150. Kila mtu alichukua dawa sehemu yake, kisha akampa mwenzake aliyengoja na mbwa wenye nguvu mpya. Wengi wa watu hao walikuwa wenyeji wa nchi na wachukuzi wa barua, waliojua njia. Wa kwanza, William Shannon, aliondoka Nenana usiku wa tarehe 27 Januari. Mahali pengine baridi ilifika digri 45 chini ya kipimo ambacho maji yanaanza kuganda. Baridi ya namna hiyo inaua nyama ya uso na ya vidole. Leonhard Seppala, pamoja na mbwa wake wa mbele aliyeitwa Togo, alipita sehemu ndefu na ya hatari kuliko zote, juu ya barafu ya bahari, ambayo upepo ungeweza kuivunja na kuichukua mbali. Wa mwisho alikuwa Gunnar Kaasen, na mbwa wake wa mbele aliitwa Balto.

Tarehe 2 Februari 1925, saa kumi na moja na nusu ya usiku karibu na mapambazuko, Kaasen aliingia Nome. Safari yote ilichukua saa 127 na nusu, maana yake siku tano na saa chache. Dawa iliganda kwa baridi, lakini ilipoyeyuka ilikuwa ingali nzuri. Siku ileile munganga na wauguzi wake walianza kuwachoma wagonjwa. Walijua mlango gani wa kubisha kwanza.

Dawa nyingine ilifika tarehe 15 Februari, nayo kwa mbwa. Tarehe 21 Februari amri ya kutengwa iliondolewa. Watoto walirudi shuleni. Vitabu vya serikali viliandika vifo saba au pungufu. Lakini huenda wengine walikufa katika makambi ya Wainupiati nje ya mji, wala majina yao hayakuandikwa. Kila kifo ni huzuni. Hata hivyo, mji uliofikiri utaangamizwa uliokoka.

6. Nani aliuokoa mji?

Mwisho wa mwaka uleule wa 1925 sanamu ya mbwa Balto ilisimamishwa katika bustani kubwa ya mji wa New York, na watoto wanaipanda mpaka leo. Ni vizuri. Mbwa walifanya kazi yao, na wenye mbwa walikuwa hodari kabisa.

Lakini wewe ufikiri sana. Kama dawa ingefika na hakuna mtu anayejua wagonjwa wako wapi, ingefaa nini? Kama watoto wangefichwa ndani ya nyumba mpaka sumu ishike mioyo yao, chupa zile zingekuwa maji tu. Mbwa walileta dawa mpaka mji. Wauguzi waliileta mpaka mtoto. Njia kutoka hospitali mpaka kitanda cha mgonjwa ni fupi, lakini pengine ni ngumu kuliko kilometa 1,085 za theluji, maana njia hiyo inapita katika hofu ya watu.

Na sehemu ya njia hiyo ni yako wewe. Mwuguzi anatembea mpaka mlangoni. Ni mzazi anayefungua.

7. Siku hizi tuna msaada gani?

Siku hizi tuna kitu ambacho mwaka ule hakikuwa bado kazini huko Nome: chanjo. Gaston Ramon, mtu wa Ufaransa, alionyesha katika mwaka wa 1923 kwamba sumu ya difteria inaweza kutengenezwa hata isiumize tena, lakini iufundishe mwili kujikinga. Hapa Kongo chanjo hiyo iko ndani ya sindano moja pamoja na chanjo za pepopunda, kifaduro na magonjwa mengine mawili. Mtoto anachomwa akiwa na majuma 6, tena majuma 10, tena majuma 14. Sindano moja haitoshi. Mama anayeacha baada ya ya kwanza ni kama mtu aliyejenga ukuta mmoja na kusema, "Nyumba yangu imekwisha."

Ugonjwa huu haujaisha duniani. Mwaka wa 2023, huko Nigeria, maelfu ya watu waliugua difteria, wengi wao watoto, na wengi hawakupata chanjo zote. Ile dawa ya kushinda sumu ingali inatengenezwa kwa farasi, tena si nyingi duniani. Hospitali nyingi hazina chupa hata moja. Waganga wanatumia pia penisilini au dawa nyingine kuua vijidudu, lakini dawa hizo haziondoi sumu iliyokwisha kutoka. Kwa hiyo usiseme, "Nitangoja augue, kisha nitatafuta dawa." Labda dawa itakuwa mbali, kama ilivyokuwa mbali na Nome.

8. Ukumbuke maneno haya

Mtoto akiumwa na koo na kuwa na homa, mketishe penye mwangaza, afungue kinywa, utazame. Ukiona utando wa rangi ya majivu au weupe ulioshika koo, au shingo imevimba, au anavuta pumzi kwa shida, usingoje kesho. Mpeleke hospitali siku ileile.

Usijaribu kuondoa utando kwa kidole, kijiti au kitambaa. Utamtoa damu, na pengine utaziba pumzi yake.

Usimpeleke kwanza kwa mtu anayekata kimio au kuchanja shingo. Siku unazopoteza huko ni siku ambazo sumu inaingia moyoni.

Mgonjwa alale mahali pake peke yake. Kikombe na kijiko chake visitumiwe na wengine. Mtu mmoja amwangalie, naye anawe mikono kila mara kwa sabuni.

Munganga akisema kwamba watu wote wa nyumba watazamwe au wapewe dawa, mkubali, hata wale wanaojiona wazima. Mtu mzima anaweza kuchukua vijidudu katika koo lake bila kujua, na kuwapa wengine.

Mtoto akipata nafuu, asikimbie wala kufanya kazi nzito mpaka munganga aruhusu. Moyo wake unahitaji pumziko la majuma mengi.

Utunze kartasi ya chanjo kama unavyotunza fedha. Kama hujui mtoto wako amefika sindano ya ngapi, ulete kartasi hiyo hospitali. Mwuguzi atakuambia inayobaki, na kama kuna nyingine ya kumwongezea kinga akiwa mkubwa kidogo.

Nanyi wazee wa kanisa na wakubwa wa vijiji, siku ya chanjo mwatangazie watu mapema. Tena mkisikia kwamba watoto wawili au watatu wa mtaa mmoja wanaumwa na koo, mlete habari hospitali bila kukawia. Munganga Welch hakuona haya kuwaambia watu hatari iliyokuwapo, na kwa sababu hiyo alipata msaada.

Mwisho, ndugu, siku moja labda mwuguzi atabisha mlangoni pako. Labda amechoka, miguu yake ina matope, na mkoba wake ni mdogo. Atasema, "Hodi. Nimekuja kutazama watoto." Usimfunike mtoto blanketi. Mwambie, "Karibu," na ulete taa.